Fungu la Kumi Lina Wenyewe

Katika makanisa yetu mengi kuna fundisho ambalo halimo kwenye katiba ya kanisa lolote, lakini kila muumini analijua: ukishatia fungu la kumi kwenye bahasha, kazi yako imekwisha. Fedha ni za Mungu sasa, na anayeuliza zimekwenda wapi amepungukiwa imani. Mtumishi akizila, atajibu mwenyewe kwa aliyemtuma. Fundisho hili lina sura ya unyenyekevu, ndiyo maana limedumu. Lakini halina mizizi katika Biblia ileile inayotumiwa kulitetea, na waliofaidika nalo zaidi ni wanaoogopa mahesabu, si maskini.

Tuanzie Kumbukumbu la Torati, kitabu ambacho wahubiri wa fungu la kumi hukipita mbio wakiwahi Malaki. Sura ya 14 inamwagiza mkulima wa Israeli atenge sehemu ya kumi ya nafaka, divai na mafuta, aipeleke mahali patakatifu, na huko aile mwenyewe na jamaa yake kwa furaha, bila kumsahau Mlawi. Njia ikiwa ndefu, anaruhusiwa kuuza mazao na kwenda na fedha. Mwaka wa tatu utaratibu unabadilika: zaka inabaki mjini kwake, na walaji ni Mlawi asiye na urithi wa ardhi, mgeni, yatima na mjane. Kisha inakuja sura ya 26, ambayo kwangu ndiyo kiini cha suala zima. Mtoaji anatakiwa aseme mbele za Mungu kwamba ameiondoa sehemu takatifu nyumbani mwake na amewapa hao wanne. Hatakiwi kutaja madebe mangapi. Anatakiwa kutaja waliopokea. Sasa muumini wa leo atasemaje maneno hayo kwa dhamiri safi, ikiwa anachokijua ni kwamba bahasha ilidumbukia kikapuni na kikapu kikaingia ofisini?

Hapo ndipo Malaki 3 inapotolewa: zaka yote iletwe ghalani, na asiyeleta anamwibia Mungu. Ghala hilo lilikuwa vyumba vya hekalu vya kuhifadhia chakula, na hali yake katika karne ya tano kabla ya Kristo inasimuliwa vizuri na Nehemia, sura ya 13. Kuhani Eliashibu, msimamizi wa vyumba hivyo, alikuwa amemgawia Tobia, mtu wake wa karibu, chumba kikubwa kilichokuwa cha kuwekea zaka. Walawi na waimbaji hawakupata posho yao, wakarudi mashambani. Nehemia, ambaye alikuwa liwali na si kuhani, alivitupa nje vyombo vya Tobia, akaagiza vyumba vitakaswe, akawakemea wakuu. Ni baada ya hayo ndipo tunapoambiwa kwamba Yuda walileta zaka. Halafu akawaweka watunza hazina, Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi na Pedaya Mlawi, pamoja na Hanani wa kuwasaidia, kwa sababu walijulikana kuwa waaminifu. Malaki naye, kabla ya kuwageukia watu wa kawaida, anawachambua makuhani kuanzia sura ya kwanza hadi ndani ya sura ya pili. Mhubiri anayeruka sehemu hiyo amekata nusu ya ujumbe, na ni nusu inayomhusu yeye. (Na wapo wangapi wanaokumbuka Hesabu 18, kwamba Walawi nao walitoa sehemu ya kumi ya zaka waliyopokea?)

Kanisa la mwanzo halikuona aibu kueleza fedha zilikokwenda. Paulo, akikusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, aliukabidhi kwa Tito na wenzake, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asipate la kuwalaumu. Yustino Shahidi, katikati ya karne ya pili, alimweleza kaisari mpagani wa Roma kwamba michango ya Jumapili huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Ikiwa Kanisa liliweza kumweleza kaisari asiyeamini, linashindwaje kumweleza mama anayeuza vitumbua na kutoa sehemu ya faida yake?

Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliamuru zirudishwe fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika parokia ya Soweto, zikiwemo shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadre. Uamuzi ule ulipongezwa na wengi, nami naupongeza. Lakini uliweka kanuni inayokwenda mbali kuliko siasa. Kama kanisa lina haki ya kuuliza sadaka imetoka wapi na kwa nia gani, mtoaji ana haki ileile ya kuuliza imekwenda wapi na kwa kazi gani.

Wapo watakaonitajia mjane wa senti mbili, aliyetoa vyote bila kuuliza. Ni kweli, na Yesu alimsifu. Ila Marko na Luka wote wawili wanaitanguliza habari hiyo kwa onyo la Yesu dhidi ya waandishi wanaokula nyumba za wajane. Sifa ya mjane haijawahi kuwa kibali cha walaji hao. Wengine watasema mchungaji naye anakula. Sibishi: Mlawi ndiye wa kwanza kwenye orodha, na mchungaji anayelipwa vibaya ni aibu ya usharika. Waadventista Wasabato hupeleka zaka kwenye konferensi, nayo ndiyo huwalipa wachungaji, hivyo mchungaji hategemei moja kwa moja ukarimu wa matajiri wa kanisa lake. Unaweza kutokubaliana na mpango huo, lakini njia ya fedha inajulikana. Ninachokataa ni Mlawi anayewala mgeni, yatima na mjane, akamaliza orodha peke yake.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wanaoonya kwamba muumini akiachiwa kuamua zaka yake iende wapi, atajipa mwenyewe. Atalipa ada ya mpwa wake, atamjengea mama yake choo, kisha aseme fungu la kumi limetoka. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake limo kwenye orodha ileile. Mgeni, yatima na mjane hawamo kwa sababu ya ukoo. Wamo kwa sababu hawana wa kuwasemea. Ada ya mpwa ni wajibu, na 1 Timotheo 5 inamweka asiyewatunza watu wa nyumbani mwake chini ya asiyeamini, lakini wajibu huo unalipwa kutoka zile sehemu tisa zilizobaki. Hivyo muumini anayetaka kupeleka sehemu ya zaka yake kwenye zahanati ya kijiji au kwa watoto wa mtaani asidhani amepata njia ya mkato. Atalazimika kufika huko, kuuliza maswali, na kudai stakabadhi, kama vile anavyopaswa kuzidai kwa mhazini wa usharika wake.