Pensheni ni Amana, Si Bidhaa

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja tu kwa mwaka, nazo zikikoma hufuata kiangazi kirefu. Ndiyo maana mkulima wa nyanda hizi huvuna mtama na uwele akaweka ghalani, wala hamkabidhi mchuuzi ufunguo. Mtumishi wa umma naye ana msimu mmoja wa nguvu zake. Ghala lake ni mfuko wa pensheni.

Tangu mwaka 2018, PSPF, LAPF, PPF na GEPF zilipounganishwa kuwa PSSSF, yenye makao makuu hapa Dodoma, jambo hili limekuwa gumzo la kila ofisi. Kikokotoo cha mwaka ule kiliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25. Wafanyakazi wakalalamika, na Rais Magufuli akakisitisha mwezi Desemba. Mwaka 2022 ikawekwa asilimia 33. Mwaka 2024 Serikali ikapandisha hadi 40 kwa kundi lililozoea 50, na 35 kwa lililozoea 25.

Katika mvutano huo wako wasemao kwamba sehemu ya michango ikabidhiwe makampuni binafsi. Rai hiyo yastahili kujibiwa kwa hoja. Chile ilifuata njia hiyo mwaka 1981, na wengi wakaiga. Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba kati ya nchi 30 zilizobinafsisha pensheni, kwa ukamilifu au kwa sehemu, 18 zimekwisha kurudi nyuma. Gharama za uendeshaji zilikula michango, na wenye ujira mdogo wakaambulia pensheni duni.

Hata hivyo, tusiwabeze wenye rai hiyo. Imani yao haikupungua bure. Serikali ilikaa miaka mingi na deni la watumishi wa kabla ya mwaka 1999, ambao hawakuwa wakichangia, hadi mwaka 2021 ilipotoa hatifungani ya shilingi trilioni 2.17. Mifuko iligharimia pia majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na marejesho yakakawia. Lakini ghala likipungua kwa kukopwa, dawa yake si kumwita mchuuzi. Dawa ni mkopaji kurudisha alichochukua.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wana mfuko wao, ZSSF, tangu mwaka 1998, kwani hifadhi ya jamii si jambo la Muungano. Lakini Mzanzibari aliyeajiriwa na Serikali ya Muungano akahamia Dodoma, uzee wake umo PSSSF. Tena Visiwani kuna funzo: tangu Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi huwalipa Pensheni Jamii wazee waliotimiza miaka 70, hata wasiowahi kuajiriwa. Ni kampuni gani ya biashara ingemkumbuka mvuvi asiyechangia?

Kwa hiyo wakuu wa Serikali wana dhima tatu. Kila mwajiri apeleke asilimia 15 yake kwa wakati. Madeni yalipwe kwa ratiba iliyo wazi. Na kikokotoo kisiguswe tena kabla wafanyakazi hawajasikilizwa.

Sisi wana-Chama tusijifiche nyuma ya sifa. Tukiwa watoto chuoni tulifundishwa kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe, ikiwa kamili. Mwalimu anayestaafu leo hadai fadhila. Anadai amana yake.