Mabil alianzia Kakuma

Makala yenu kuhusu mwanasoka Awer Mabil imeanzia Adelaide, Australia, na hapo sikubaliani nanyi. Mabil alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, mwaka 1995, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Sudan, na hakuhamia Australia hadi 2006. Miaka yote hiyo ya utoto mmeiruka! Huku kwetu Turkana watoto wanacheza pekupeku juu ya changarawe, mpira wenyewe matambara yaliyokazwa kwa kamba. Ukikosea kupiga, ukucha unang'oka. Mguu wa Mabil ulifundishwa na ardhi hiyo.

Juni 2022, Australia na Peru zilipogombea tiketi ya Kombe la Dunia kwa mikwaju ya penalti, Mabil alifunga wake, kisha akasema ndiyo njia yake ya kuishukuru Australia kwa niaba ya familia. Wenzetu hawa wanajua kumkumbatia mgeni: hata katika raga yao, nahodha wa Kombe la Dunia 2023 alikuwa Will Skelton, mwenye asili ya Samoa.

Makocha wa Nairobi, tafadhali fungeni safari mje Kakuma. Msiishie Lodwar mjini, fikeni na huku Lokiriama. Vijana kama Mabil wapo.