Mwanafunzi wa uhandisi afunzwe kwanza 'na', 'au' na 'si'

Mwanzo wa ngoma ni lele, walinena wahenga. Tarakilishi iliyo mezani, simu iliyo mfukoni na mtambo wa kutolea pesa benki, vyote vimejengwa juu ya maneno matatu ambayo mtoto huyajua kabla hajaanza shule: na, au, si. Ajabu ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi anapokutana na somo la usanifu wa saketi za dijitali, huyakuta maneno hayo yamevishwa alama ngeni, naye akayaogopa kana kwamba hajapata kuyasikia maishani mwake.

Ninavyoona mimi, hofu hiyo haitokani sana na hisabati bali na lugha. Wapo wanafunzi wanaokariri majedwali na michoro wakapita mtihani, lakini wakipewa tatizo lililoelezwa kwa sentensi ya kawaida hawajui pa kuanzia. Kwa hivyo somo hili lingeanzia kwenye sentensi, na waya na alama zifuate baadaye.

Huenda msomaji akauliza: mwanaisimu anatafuta nini nyumbani mwa wahandisi? Historia yenyewe inamfungulia mlango. Mnamo 1847 Mwingereza George Boole alichapisha kijitabu kilichoonyesha kwamba hoja tunazozitamka zaweza kuandikwa na kukokotolewa kama aljebra. Mnamo 1854 akaipanua kazi hiyo katika kitabu kikubwa zaidi. Mwaka 1937 Claude Shannon, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, alieleza katika tasnifu yake kwamba aljebra hiyo hiyo inatosha kueleza saketi za swichi. Swichi mbili zilizofuatana katika waya mmoja ni 'na': umeme haupiti mpaka zote ziwashwe. Swichi zilizo katika njia mbili sambamba ni 'au': ikiwashwa moja, umeme hupita.

Hata ule msingi wa 0 na 1 si mgeni kwa mtu wa lugha. Mzungumzaji wa Kiswahili husikia ama 'pata' ama 'bata'. Hakuna neno la katikati, ijapokuwa midomo ya watu hutoa sauti za kila namna baina ya p na b. Saketi nayo hufanya vivyo hivyo. Katika aina moja inayotumika sana kufundishia, ambayo huendeshwa kwa volti 5, ingizo lisilozidi volti 0.8 huhesabiwa kuwa 0, na lile la volti 2 au zaidi huhesabiwa kuwa 1. Baina ya viwango hivyo saketi haitoi ahadi yoyote, na mhandisi hana budi kuhakikisha kuwa ishara haitulii hapo.

Tuyatazame basi maneno yetu. Neno 'na' lina kazi nyingi katika Kiswahili: huunganisha, huonyesha uandamani, na humtaja mtenda katika 'alipigwa na mwalimu'. Mantiki huchukua kazi moja tu: sharti zote zitimie.

Neno 'au' lina mtego zaidi. Mgeni akiulizwa, "Chai au kahawa?" huelewa kuwa achague kimoja. Lakini tangazo likisema, "Mwenye kitambulisho au pasipoti aingie," hakuna bawabu atakayemzuia mtu aliye na vyote viwili. Hizo ni 'au' mbili tofauti, na kila moja ina lango lake katika saketi. Mfikirie fundi anayetengeneza king'ora cha duka lenye mlango wa mbele na wa nyuma. Ameambiwa kilie mlango wa mbele au wa nyuma ukifunguliwa. Akiielewa 'au' kama ile ya chai na kahawa, wezi watakaofungua milango yote miwili kwa pamoja watabeba mali king'ora kikiwa kimya.

Mtego mkubwa kuliko yote umo katika 'si'. Walimu wenzangu wa Kiswahili hutoa zoezi hili kila muhula: kanusha sentensi "Juma na Ali wamefika." Mwanafunzi huandika, "Juma na Ali hawajafika," akapata alama zake, na kisarufi anastahili. Kimantiki, hata hivyo, amesema zaidi ya alivyoombwa. Ili sentensi ya kwanza iwe ya uongo, inatosha mmoja wao awe hajafika. Ukanushaji wake kamili ni "Juma hajafika au Ali hajafika," na 'au' hapa inaruhusu wote wawili wawe hawajafika. Hii ndiyo kanuni inayobeba jina la Augustus De Morgan, aliyeishi zama moja na Boole: ukikanusha 'na' hugeuka 'au', ukikanusha 'au' hugeuka 'na', na kila upande hukanushwa pia.

Je, haya ni mabishano ya wasomi tu? La hasha! Chukua agizo hili la kiwandani: "Mashine isizunguke iwapo milango yote haijafungwa." Msomaji mmoja ataelewa kwamba mlango mmoja ukiwa wazi, mashine isimame. Mwingine ataelewa kwamba mashine isimame pale tu ambapo hakuna hata mlango mmoja uliofungwa. Saketi ya huyu wa pili itaizungusha mashine mlango mmoja ukiwa wazi, na atakayelipia utata huo ni mfanyakazi aliyetia mkono ndani.

Dawa ya utata huu ni jedwali la ukweli. Ingizo mbili hutoa safu 4, tatu hutoa 8, nne hutoa 16. Na katika kila safu mwanafunzi hulazimika kusema wazi kinachotakiwa kutokea. Jedwali halikubali kuambiwa 'inategemea'. Likikamilika, malango hufuata bila taabu. Hata kujumlisha kunajengwa hivyo. Katika hesabu za tarakimu mbili, 0 na 1 hutoa 1, ilhali 1 na 1 hutoa 10. Tarakimu ya kulia hutoka kwenye 'au' ya chai na kahawa, nayo ya kushoto hutoka kwenye 'na'. Haba na haba hujaza kibaba: unganisha malango ya namna hiyo kwa wingi, upate mashine inayokokotoa.

Wapo watakaonijibu kwamba uhandisi katika vyuo vikuu vyetu hufundishwa kwa Kiingereza, na mitihani ni ya Kiingereza. Ni kweli, wala sipendekezi mwanafunzi anyimwe lugha atakayotahiniwa nayo. Aidha, utata wa 'au' na wa 'si' umo katika Kiingereza pia. Lakini mtu huutambua utata upesi zaidi katika lugha anayobishana nayo sokoni na uwanjani. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo haitakuwa na maana kubwa ikiwa lugha yenyewe itasubiri nje ya maabara.

Ninapendekeza mambo mawili. Wahadhiri wa uhandisi wasikubali mchoro wowote wa saketi katika wiki za kwanza kabla mwanafunzi hajaandika sentensi moja isiyo na utata inayoeleza saketi hiyo ifanye nini, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Nao walimu wa Kiswahili wa shule za upili, wanapofundisha ukanushaji, waongeze swali moja dogo: sentensi hii itakuwa ya uongo lini? Swali hilo halihitaji maabara wala fedha za wafadhili. Chaki na ubao vinatosha, na mwanafunzi atakayelizoea hatababaishwa na alama atakazozikuta chuoni.