Ukipenda Treni, Jua Kwanza Inavyosimama

Wacha niseme ukweli, hata kama wenzangu wa video mtaninunia. Wengi wetu tunaojiita mashabiki wa treni hatujui treni. Tunajua sauti ya honi, rangi ya injini na saa ya jioni ambayo picha hutoka safi. Basi, hapo tumeisha.

Mimi pia nilikuwa hivyo. Kwetu ni Kanduyi, na reli ya kwenda Malaba inapita Bungoma mjini. Siku moja binamu yangu alikuja kunitembelea kutoka Kitale, nikamwambia twende turekodi. Kumbuka Kitale ilifikiwa na reli ya tawi mwaka 1926, lakini reli aliyoijua yeye tangu utotoni ni ile imeota nyasi, haipiti kitu. Kwa hivyo alipofika Bungoma aliketi juu ya chuma kama ameketi kwa benchi. Na mimi, badala ya kumwondoa, nikawasha simu.

Honi ililia nyuma ya kona. Tukaruka. Halafu tukacheka, eti tumepata video kali.

Kando yetu kulikuwa na mzee aliyestaafu kazi ya reli. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Kijana wangu, dereva akikuona hapo, anafanya nini?"

"Si anapiga breki, mzee?"

"Halafu?"

Nikakosa jibu.

Halafu, wapendwa, treni inaendelea kuja. Gurudumu ni chuma na reli ni chuma, msuguano ni mdogo sana. Ndiyo maana injini moja inavuta mabehewa mengi, na ndiyo maana hiyo hiyo inakataa kusimama upesi. Treni nzito ya mizigo inaweza kula hata kilomita nzima kabla itulie. Dereva hana usukani wa kukukwepa kama boda boda. Akishafunga breki, kilichobaki mkononi mwake ni honi.

Tena breki si ya injini peke yake. Kuna bomba linalounganisha injini na mabehewa hadi la mwisho, na limeundwa hivi kwamba likikatika, breki zinajifunga zenyewe. Kazi ya kuzipima kabla ya safari si urembo. Waulize Tanzania. Tarehe 24 Juni 2002, kule Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kujizuia mlimani, ikarudi nyuma na kugonga treni ya mizigo. Watu zaidi ya 280 walikufa. Hiyo ni reli ya upana wa mita moja kama hii yetu.

Jambo la pili: reli yetu ni njia moja. Treni ya kwenda Malaba na ya kutoka Malaba zinatumia chuma kile kile, zinapishana kwenye stesheni tu. Kanuni ni kwamba kipande kimoja cha njia kina treni moja kwa wakati, na dereva haondoki bila ruhusa. Zamani kwenye reli nyingi alikabidhiwa kipande cha chuma kama ushahidi kwamba njia ni yake. Kwako wewe unayepiga picha, maana yake ni hii: treni inaweza kutoka upande wowote, na hizi za mizigo hazina ratiba ya kukungoja.

La tatu ndilo lilinifurahisha zaidi. Mzee alisema mtu wa stesheni haangalii mbele ya treni, anaangalia mkia. Asipoona alama au taa ya behewa la mwisho, hawezi kusema njia iko wazi, maana huenda kuna mabehewa yamebaki huko nyuma. Tangu siku hiyo sirekodi injini halafu nikaondoka. Nangoja mkia upite.

Najua mtasema, "Si waweke ua na mabango?" Waweke, hata mimi nataka. Na watoto wa shule zilizo karibu na reli wafundishwe mambo haya mapema. Lakini bango halikushika simu siku ile. Ni mimi niliishika, na binamu yangu ndiye alikuwa juu ya chuma.

Ile video niliifuta. Ingepata watazamaji, sikatai, na kesho yake kijana mwingine angeketi pale pale akitafuta kunishinda.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Simama mbali, nje kabisa ya njia. Toa vifaa vya masikio. Usiweke mawe wala sarafu juu ya reli. Na ukiona mwenzako anarekodi akiwa katikati ya njia, usimpe like, mpigie simu atoke.

Mapenzi ya treni bila adabu ya reli ni kumtafutia dereva wa watu usiku wa kukosa usingizi.