Krimu za Homoni si Mafuta ya Uso

Haipiti wiki hapa Visiwani bila ya mtu kuingia katika duka la dawa, akaonyesha uso wake wenye vipele na wekundu, akatoka na tyubu mkononi. Haulizwi kama ana ujauzito au kisukari, wala haambiwi apake kwa siku ngapi. Anachoambiwa ni bei. Tyubu hiyo mara nyingi huwa ni krimu ya homoni, na sisi tunaona kwamba wakati umefika kwa wananchi na kwa wenye dhamana ya afya kuliacha jambo hili lisichukuliwe kwa mzaha tena.

Miongoni mwa maradhi yanayopakwa krimu hizo ni rosasea. Maradhi haya hushika mashavu, pua, paji na kidevu. Uso huwaka kama uliochomwa na jua, mishipa midogo ya damu hutanuka, na baadaye hutokea vipele vinavyofanana mno na chunusi. Kwa mtu mweupe wekundu wake huonekana kwa mbali. Kwa mweusi wekundu hujificha, akabaki na kuungua, vipele na madoa ya kahawia ambayo jamaa zake hudhani yameletwa na sabuni. Ndiyo maana wapo wanaoamini kuwa haya ni maradhi ya Wazungu peke yao. Si kweli hata kidogo. Yanachochewa na jua la mchana, mvuke wa jikoni, pilipili na chai ya moto, na sisi vitu hivyo hatujapata kuvikosa.

Homoni tunayoisema hutengenezwa na tezi mbili zilizo juu ya figo, na kazi yake mojawapo ni kutuliza uvimbe. Wataalamu watatu, Edward Kendall, Tadeus Reichstein na Philip Hench, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1950 kwa utafiti wao juu ya homoni za tezi hizo, na mwaka 1952 ikaonyeshwa kwamba haidrokotizoni ikipakwa juu ya ngozi huponyesha mwasho na uvimbe. Wagonjwa wa pumu ya ngozi wameneemeka kwa dawa hiyo hadi leo, nasi hatuitukani. Tunachokipinga ni kuipeleka mahali pasipokuwa pake.

Ikipakwa kwenye uso wenye rosasea, krimu hii huibana mishipa ya damu. Baada ya siku chache wekundu hupungua, vipele hutulia, na mgonjwa humshukuru muuzaji. Hapo ndipo mtego ulipo. Ngozi ya uso ni nyembamba, na homoni huzidi kuifanya nyembamba. Mishipa huzoea kubanwa, na siku tyubu inapokwisha hufunguka kwa kishindo: uso huwaka, huvimba, na vipele hurudi vingi kuliko vya mwanzo. Mgonjwa hudhani maradhi yake yamezidi, akarudi dukani kununua tyubu nyingine, pengine yenye nguvu zaidi. Hata asiyekuwa na rosasea huweza kuipata kwa njia hii hii, na madaktari wa ngozi wanaijua vyema. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu, dawa hii huweza kuleta mtoto wa jicho au kupandisha shinikizo la jicho.

Liko jambo moja linalomdanganya mnunuzi hata akiwa msomi. Haidrokotizoni huandikwa asilimia 1, na klobetasoli huandikwa asilimia 0.05. Nani asingedhani kwamba ya pili ndiyo dhaifu? Kumbe klobetasoli inaishinda haidrokotizoni kwa mamia ya mara. Huko Uingereza klobetasoli haiuzwi bila ya cheti cha daktari, na hata haidrokotizoni inayouzwa bila cheti hukatazwa kupakwa usoni. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa tahadhari juu ya madhara yanayomkuta mtu anapoacha krimu hizi baada ya kuzitumia kwa muda mrefu.

Kwetu sisi tatizo huzidi kwa sababu ya harusi. Bibi zetu walimtayarisha bi harusi kwa singo, akasuguliwa, akaoga, ikatoka. Siku hizi yapo mafuta yanayochanganywa vichochoroni, yakatiwa krimu ya homoni ili msichana ang'ae upesi, naye huyapaka miezi mizima bila kujua ndani mna nini. Anayeyachanganya hupata fedha zake, na anayeachiwa uso ulioharibika ni msichana wa watu.

Wala si kwamba rosasea haina dawa. Ipo jeli ya metronidazoli, ipo asidi ya azelaiki, na kwa walioshikwa sana ipo doksisaiklini ya kumeza. Ivermektini, ambayo wananchi wa Unguja na Pemba wameijua tangu kampeni ya matende ya mwaka 2001, hutengenezwa pia kuwa krimu ya asilimia 1 kwa maradhi haya haya. Hizi hufanya kazi polepole, kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo krimu ya homoni inapozishinda machoni mwa mwenye haraka.

Kwa hiyo tunawataka wenye dhamana wazihesabu krimu hizi kuwa dawa kamili, bandarini na madukani, na mafuta yasiyoandikwa yaliyomo yasiruhusiwe kuuzwa. Lakini ukaguzi peke yake hautoshi. Mkaazi wa Micheweni akikuta kituo chake cha afya hakina jeli wala mtu wa kuutambua ugonjwa wake, atakwenda dukani tu, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Aliyekwisha kuzoea krimu hizi kwa miezi asiziache kwa kujifungia ndani, wala asirudi kwa muuzaji uso unapowaka. Aende hospitali na tyubu yake mkononi, hata kama imekwisha, ili daktari alisome jina lililoandikwa na kumpangia namna ya kuiacha.