Bingwa Apatikane Uwanjani, si Kwenye Meza

Pale amani inapotupa nafasi, vijana wetu wa Masisi na Walikale wanacheza kombe la vijiji kwenye likizo kubwa. Na mabishano yanazuka yaleyale: bingwa apatikane namna gani? Kuna wanaosema ni ekipe yenye pointi nyingi, basi. Kuna wanaotaka zile za kwanza zikutane tena kwenye mechi za mwisho, zile tunazoita pleyofu. Na kuna wa tatu, hao ndio nawaogopa, wanaosema komite ikae, iangalie, kisha itangaze. Mimi nasema wazi: tucheze pleyofu.

Tuangalie wakubwa kwanza. Shampiona ya taifa, Linafoot, imejaribu njia zote. Kuna miaka ekipe ziligawanywa kwa kanda, halafu zilizoongoza zikakutana kwenye pleyofu. Hivyo ndivyo V.Club ilivyochukua taji mwaka 2018. Kuna miaka zote zilicheza kundi moja, na Mazembe ikawa bingwa mwaka 2019 na 2022. Mwaka 2020 korona ilisimamisha kila kitu, na Mazembe iliyokuwa mbele ikatangazwa bingwa bila shampiona kuisha. Msimu wa 2022-2023 ulikatika njiani, haukupata bingwa. Uliofuata ukarudi kwenye makundi mawili na pleyofu.

Juu ya nini tunarudi huko kila mara? Juu nchi ni kubwa na barabara hakuna. Ekipe ya Goma ikienda Kinshasa ni ndege. Na sisi huku tuko na shida ileile kwa kipimo chetu: mvua ikinyesha, lori la kutoka Walikale linalala kwenye matope. Kusema kila kijiji kicheze na kila kijiji ni kusema kombe ni la wenye mafuta ya gari. Lakini majirani wakicheza kwanza wao kwa wao, kisha wa kwanza wakakutana, Ndjingala na Nyabiondo zinaweza kuwa kwenye kombe moja. Pleyofu si anasa, ni njia ya maskini.

Wamarekani wenyewe, matajiri, walichelewa kuelewa. Kwenye mpira wa vyuo vikuu vyao, ule wa kushika kwa mikono, bingwa alikuwa anapatikana kwa kura. Waandishi wa habari walianza kupanga ekipe mwaka 1936, na makocha nao wakawa na kura yao. Msimu wa 2003 walijikuta na mabingwa wawili, LSU na USC, kila mmoja na taji lake. Pleyofu ya ekipe nne ilianza msimu wa 2014, ya ekipe kumi na mbili msimu wa 2024. Na bado komite iliacha mkono wake ndani: mwaka 2023 Florida State ilishinda mechi zote 13, kisha komite ikaiacha nje ya zile nne. Kwa hiyo pleyofu peke yake haitoshi. Anayeingia aingizwe na pointi, si na maoni ya watu.

Mzee mmoja ataniambia: mwalimu, kwa desturi yetu heshima inatolewa na wazee, hata mwami anasimikwa na bandirabitambo. Ni kweli kabisa, na isiguswe. Lakini mwami anatoka kwenye damu na desturi. Bingwa anatoka kwenye jasho. Tusichanganye.

Na desturi hiyohiyo inanisaidia. Wanyanga wa Walikale wako na hadithi ya Mwindo, ile aliyoisimulia Candi Rureke mwaka 1956. Je, Mwindo alimpata baba yake kwa kutangazwa? Hapana. Muisa alimpa kazi ya kulima shamba la migomba, akailima. Akampa kazi ya kurina asali, akarina. Kisha akakaa na Sheburungu kwenye mchezo wa mbegu, akapoteza karibu kila kitu, akabaki na usinga wake wa conga. Akauweka huo, akashinda vyote. Babu zetu walijua kwamba mtu anajulikana kwenye jaribu la mwisho.

Lililobaki ni pingamizi moja lenye nguvu: ekipe iliyofanya vizuri muda wote inaweza kuangushwa siku moja. Msimu wa 2024 Ohio State ilikuwa imepoteza mechi mbili, na bado ikawa bingwa. Hapa jibu liko shuleni. Kwenye buletini ya mtoto, periodi ya kwanza ikiwa na pointi 10, ya pili ni 10, egzame ni 20. Egzame ni nusu; kazi ya kila siku ni nusu. Hakuna mzazi anayesema tufute egzame, na hakuna anayesema tufute periodi. Basi ekipe nne za kwanza ziingie pleyofu na nusu ya pointi zao, zikutane kila moja na nyingine, mwenye jumla kubwa avikwe taji. Jasho la mwanzo halipotei, na jaribu la mwisho linabaki.

Wengine watasema: tangu vita ya M23 kuanza tena mwaka 2021 watu wamekimbia mara ngapi, na wewe unatuletea mambo ya mpira? Ndiyo, naleta. Kwenye uwanja mmoja wanakutana watoto wa Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, Watembo. Kijana akishindwa mbele ya macho ya wote, kwa sheria anayoijua, analia jioni na kesho anasalimia. Akinyang'anywa kombe kwenye meza, anarudi kijijini na kinyongo, na kinyongo huku kwetu kinajua njia ya kwenda kushika silaha. Kwa hiyo, ndugu wa komite: sheria iandikwe kabla ya mechi ya kwanza, isomwe mbele ya makapiteni wote, na kalamu iwekwe chini mpaka filimbi ya mwisho.