Koo Baada ya Nusu Kaputi



Mgonjwa aliyepasuliwa ngiri huzinduka akashangaa: kidonda kiko tumboni, lakini koo linamuuma na sauti imekwaruza. Jamaa humwambia ashukuru amepona, naye hunyamaza.

Sababu yake ni hii. Dawa ya nusu kaputi huondoa uwezo wa mwili kujilindia njia ya hewa. Hivyo mtaalamu wa usingizi hupitisha mpira mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, hadi kwenye bomba la hewa. Karibu na ncha yake kuna puto dogo linalojazwa upepo ili matapishi yasiingie mapafuni. Katika baadhi ya operesheni hutumika kifaa kinachokaa juu ya koromeo bila kupenya nyuzi hizo, kilichobuniwa na daktari Mwingereza, Archie Brain, mwaka 1981. Nacho huweza kuacha maumivu.

Puto likijazwa kupita kiasi huzuia damu kufika kwenye ngozi laini ya ndani. Mpira mnene, au kuuingiza kwa kurudia-rudia, huchubua. Kwa wagonjwa wengi maumivu hayo huisha ndani ya siku chache.

Lakini kwa muadhini, imamu au mwalimu wa madrasa, sauti ni ibada na pengine ni riziki. Huyo amweleze mtaalamu wa usingizi kabla ya siku ya operesheni. Ataje pia meno yanayolegea, meno ya bandia na matatizo aliyowahi kuyapata akilazwa usingizi. Mtaalamu akijua, aweza kuchagua mpira mwembamba zaidi na kupima mgandamizo wa puto. Kuuliza si utovu wa adabu.

Baada ya operesheni, anywe maji akisharuhusiwa, aipumzishe sauti, na adhana aisome mwingine. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 1 bila nafuu, arudi kwa daktari. Akipata shida ya kupumua, akitoa mluzi anapovuta pumzi, akishindwa kumeza mate, shingo ikivimba, akitema damu au akipata homa pamoja na maumivu makali ya koo, apelekwe hospitali saa ile ile.

Subira ni fadhila kubwa, ila kunyamazia dalili ya hatari si subira. Mwili ni amana, na sauti ni sehemu yake.